Leipzig: Mji wa Masoko na Kanisa Lililolipuliwa



Wapendwa, mji wa Leipzig katika Saksonia, Ujerumani, ulikua mahali zilipokutana njia kuu mbili za biashara, Via Regia na Via Imperii. Ulipata haki za mji yapata mwaka 1165, na mwaka 1497 Mfalme Maximilian wa Kwanza akayathibitisha kwa hati masoko yake makuu. Kanisa la Mtakatifu Nikolasi, msimamizi wa wafanyabiashara, lingali limesimama tangu enzi hizo.

Kanisa la Wadominiko, lililotabarukiwa mwaka 1240, halikujaliwa hivyo. Baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti lilikuwa kanisa la Chuo Kikuu. Kanisa la Wakatoliki lilipoharibiwa kwa mabomu mwaka 1943, waamini wake walikuja kukaribishwa humo, wakaadhimisha Misa Takatifu kwa miaka mingi. Vita vililiacha limesimama. Serikali ya kikomunisti ikalilipua tarehe 30 Mei 1968.

Waamini wale walipoteza makao mara mbili, lakini hawakutawanyika. Tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya sala za amani kwa Mtakatifu Nikolasi na makanisa mengine, watu wapatao 70,000 waliandamana bila vurugu, na utawala ule ukaanguka. Mwaka 2015 kanisa jipya la Wakatoliki lilitabarukiwa katikati ya mji.

Nasi tujiulize: kanisa letu likianguka leo, Jumapili ijayo tutakusanyika? Na ndugu wa dhehebu jingine wakikosa paa, tutawafungulia mlango?