Yadi Tatu za Kitambaa: Historia ya Sidiria Kutoka Ziwa Nyasa Hadi Unguja



Leo hatuanzi na mkasi wala futi kamba. Tunaanza na historia. Sisi tunaoshona huku Mbinga, mkoani Ruvuma, tunaulizwa maswali mawili karibu kila wiki. La kwanza: kwani sidiria si vazi la Kizungu? La pili: kwa nini mwanamke ajisumbue kushona nguo ambayo hakuna atakayeiona isipokuwa mumewe? Majibu yote mawili yamo katika safari ya kitambaa, na safari hiyo ilipita huku kwetu ziwani kabla ya kufika kwenu visiwani.

Bei ya mwanamke

Ukishuka kutoka milima ya Mbinga unafika pwani ya Ziwa Nyasa: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Leo ni mahali pa samaki, mihogo na mchanga mweupe. Katika karne ya 19 nchi hizi za ziwa ziliunganishwa na Kilwa Kivinje kwa njia ya misafara. Pembe za ndovu na watu walishuka kwenda pwani, na nguo zikapanda kuja bara. Nguo zilikuwa hasa za aina mbili. Merekani ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani. Kaniki ilikuwa nguo ya buluu iliyokoza karibu kuwa nyeusi.

David Livingstone alisafiri katika ziwa hili mwaka 1861. Aliandika bei aliyoikuta: mwanamume yadi 4 za kitambaa cha pamba, mwanamke yadi 3, mtoto yadi 2.

Sisi mafundi tunaijua yadi 3 kwa mikono. Ukiitandaza mezani inakaribia urefu wa doti moja ya kanga. Inatosha dera moja. Ukiikata kwa uangalifu unapata sidiria kadhaa na chupi zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya mama wa mtu. Tukikata kitambaa tunalikumbuka hilo, na tunawaomba nanyi mlikumbuke, kwa sababu wengi wa wanawake wale waliishia kwenu. Huko Unguja waliitwa Wanyasa, na damu yao imo katika familia nyingi za visiwani hadi leo.

Kaniki na kanga

Mwanamke aliyeletwa Unguja akiwa mtumwa alitambulika kwa nguo yake. Alijifunga merekani au kaniki chini ya makwapa na kuacha mabega wazi, na hakuruhusiwa kujisitiri kama bibi yake. Kwetu sisi Waislamu jambo hili linauma zaidi. Stara ambayo leo tunaiona kuwa haki ya kila mwanamke ilikuwa imefanywa alama ya cheo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sultani Barghash. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri hadi mwaka 1909. Wanawake walioachwa huru walifanya nini na senti zao za kwanza? Wengi waliiacha kaniki na kununua kanga. Wengine walivaa buibui, vazi lililokuwa la mabibi. Hawakungoja kuambiwa kwamba sasa ni watu kamili. Walijivika wenyewe.

Kanga yenyewe, kama wazee wanavyosimulia, ilizaliwa na sindano ya mwanamke. Wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zikiwa bado zimeungana kwenye jora, wakakata leso tatu tatu, kisha wakaziunga safu mbili zikawa nguo moja pana. Ndiyo maana Mombasa na Lamu kanga bado inaitwa leso. Wafanyabiashara walikuja baadaye kuchapa kile ambacho wanawake walikuwa wamekwisha kukishona.

Leso mbili za New York

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Sidiria za kisasa zina historia ya Ulaya na Marekani, hilo ni kweli. Mwaka 1889 Herminie Cadolle wa Ufaransa aliikata koseti vipande viwili, na kipande cha juu kikawa cha kushikilia matiti kwa mikanda ya mabegani. Kisha msichana wa New York, Mary Phelps Jacob, akachoka na koseti yake ya mifupa ya nyangumi siku alipokuwa akijiandaa kwenda dansini. Akamwita mtumishi wake, wakachukua leso mbili za hariri na utepe, wakaziunga. Alipata hataza ya Marekani mnamo Novemba 1914.

Mmeona, dada zetu? Huku kwetu leso sita zikawa kanga. Kule leso mbili zikawa sidiria. Kote kuwili ni mwanamke nyumbani, sindano mkononi, aliyechoka kuvaa alichopangiwa.

Mwaka huohuo wa 1914 ziwa letu lilikuwa na habari nyingine. Mwezi Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Vita vilipoendelea, bahari ilifungwa na nguo za kutoka nje zikaadimika. Watu wakarudia kusokota pamba na kuvaa magome ya miti. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba asiyeweza kujitengenezea nguo huvuliwa na vita vya wengine.

Lakini msidhani kwamba kabla ya hapo kifua cha mwanamke wa pwani hakikuwa na vazi lake. Kiswahili kina neno kanchiri, kitambaa cha kufunga na kushikilia matiti. Na hili neno sidiria halikutoka London. Limetoka katika Kiarabu, kwenye sadr, yaani kifua, neno lilelile mnalolisikia katika Surat Ash-Sharh. Kwa hiyo anayesema sidiria ni ya Kizungu aangalie kwanza jina lake.

Kutoka cherehani hadi mitumba

Ushonaji wa wasichana katika nyanda zetu ulisambazwa sana na shule za misheni, kama za Wabenediktini wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, na Waanglikana wa Liuli. Pwani, mafundi waliokaa barazani na cherehani zao walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo halijaisha: mwanamke mwenye haya hawezi kumwambia fundi mwanamume ampime kifua. Kwa hiyo gauni lilishonwa na fundi, lakini nguo ya ndani ikaachwa kwa bahati. Ukipata dukani, vaa. Ikibana, vumilia.

Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilijaa masokoni, sidiria na chupi zikiwemo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua kona ya soko zinapouzwa. Tunasema bila kuficha: binti anayekwenda kwa mumewe na mahari kamili, kisha chini ya gauni la harusi amevaa sidiria iliyotoka kwenye mwili wa mtu asiyemjua, hakutendewa haki.

Kwa hiyo, tushone

Jibu la swali la pili ndilo hili. Tunashona kwa sababu stara huanza na kitambaa kilicho karibu zaidi na ngozi, na kwa sababu vipimo vya mwanamke ni amana. Nyumbani unapimwa na dada yako, mama yako au somo wako, mlango umefungwa.

Vipimo ni viwili tu vya kuanzia: mzunguko chini ya matiti, na mzunguko juu ya matiti pale palipojaa. Cha kwanza kinakupa mkanda, na tofauti ya viwili inakupa kikombe. Cherehani ya miguu inashona mshono ulionyooka tu, nayo inatosha. Kata vikombe katika pamba kwa ulalo ili kitambaa kivutike kidogo, weka bitana, na lastiki iwe mgongoni tu karibu na vikulabu. Kitambaa kinachobaki ndicho chupi, na hapo umepata seti inayofanana bila kulipa bei ya seti. Lesi na satini weka juu kama pambo. Kinachogusa ngozi kiwe pamba. Huku Mbinga juu, baridi ya Juni inavumilia bitana nzito. Mbamba Bay, kama kwenu Unguja, jasho halisamehe, kwa hiyo bitana iwe nyepesi.

Katika sanduku lako la harusi, pamoja na kisutu, udi na marashi, weka walau seti tatu ulizoshona mwenyewe. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Anayejua kazi ya vazi jema, linalofunika, linalokaa mwilini na lisiloumiza, ameshaielewa nusu ya mfano huo.

Yadi 3 zilitosha kumnunua mama yetu ziwani. Leo yadi 3 ziko juu ya meza yako, na mkasi umeushika wewe. Bismillah, kata.