Simba wa Jukwaani na Mabishano Yaliyosahauliwa

Ifikapo Novemba 13, 2027, itatimia miaka 30 tangu tamthilia ya muziki The Lion King ilipofunguliwa rasmi Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho ya biashara jijini New York, katika ukumbi wa New Amsterdam, ambao ulijengwa mwaka 1903 na kukarabatiwa na kampuni ya Disney. Wasemaji wa Kiswahili wanaikumbuka zaidi kwa majina ya wahusika wake, Simba, Rafiki na Pumbaa, na kwa malalamiko ya mwaka 2018 kuhusu Disney kuyasajili maneno "hakuna matata" kuwa alama ya biashara. Mabishano yaliyoupa mchezo huo sura yake hayazungumzwi sana.

Filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994 yenye jina hilohilo ilipotakiwa kupandishwa jukwaani, kazi ilikabidhiwa kwa Julie Taymor, mwongozaji aliyewahi kuishi Indonesia miaka kadhaa, ambaye pia alibuni maleba, yaani mavazi na mapambo ya waigizaji, na kushirikiana na Michael Curry kuunda vinyago na vikaragosi. Taymor alikataa kumficha mwigizaji: kinyago cha Mufasa, baba yake Simba, kilikaa juu ya kichwa, uso wa mtu ukabaki wazi chini yake, ili mtazamaji amwone mnyama na binadamu kwa wakati mmoja.

Kwa mujibu wa Taymor mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, wakuu wa Disney hawakuridhika na majaribio ya awali, kwani walihofia kwamba watazamaji wasingejua waangalie kinyago au uso. Badala ya kuendelea kubishana, aliomba nafasi ya kuwaonyesha baadhi ya wahusika kwa maleba kamili na taa za jukwaani, kwa namna mbalimbali, zikiwemo zilizoegemea vipodozi, na Michael Eisner, mkuu wa kampuni, akachagua ile iliyokuwa na hatari zaidi. Simulizi hii ni ya upande ulioshinda, lakini jukwaa lenyewe linaitetea. Nyumbu wanapotimua mbio korongoni, safu za nyuma ni sanamu ndogo zinazozungushwa, zinazofuata ni kubwa zaidi, na mbele kabisa hutokea wachezaji wenye vinyago, hivyo kundi huonekana likimjia mtazamaji; simba majike wanapomlilia Mufasa, huvuta riboni ndefu kutoka machoni.

Mwaka 1998 Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maonyesho ya Broadway, ya uongozaji wa tamthilia ya muziki, huku Richard Hudson akituzwa kwa mandhari na Donald Holder kwa taa. Majina hayo mawili ni nadra kutajwa katika kurasa za sanaa za Afrika Mashariki, ambako mbunifu wa jukwaa, hata aliye mwenyeji, hufikiriwa baada ya mwimbaji na mchekeshaji. Mwaka 2006 onyesho lilihamia ukumbi wa Minskoff, na jua lake la vipande vya hariri likahama nalo.