Popo wa Mabawa ya Manjano

Katika migunga iliyoota kandokando ya Mto Turkwel, ile ambayo Waturkana huiita ewoi, na ambayo kila kipande cha ukingo kina familia yenye haki ya kuwalisha mbuzi wake maganda ya miti hiyo, hufanya maskani popo ambaye wataalamu humwita Lavia frons, kiumbe wa gramu 30 hivi, mwenye manyoya ya kijivu kilichoingia samawati, na masikio na mabawa ya rangi ya zafarani.

Kwa ukubwa wa macho yake, mgeni humdhania ni wa ukoo wa popo wala matunda, wale wajazanao mitini Kampala; ilhali tunda halimhusu hata kidogo, kwani riziki yake ni wadudu, nao wadudu hufuata maua ya mgunga. Hajifichi pangoni wala darini, bali hushinda akining'inia tawini, hadharani, masikio yakigeuka kila upande, na ni shida kumkaribia. Jua likichwa huwinda kwa subira: husikiliza, humrukia mdudu apitaye, kisha hurejea tawini kumla.

Dume na jike huishi wawili wawili na kulinda eneo lao. Mtoto, naye ni mmoja tu, aghalabu huzaliwa mwanzoni mwa masika, akabebwa na mamaye hata angani. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko huko Turkana, ifunguliwe mwaka 1992, haja ya kuni na makaa imekua sana, na kila mgunga ukatwapo, popo huyu hukosa nyumba na chakula kwa pamoja.