KINANDA KINACHOJIPIGA NA SANTURI YA SITI

Je, mashine yaweza kumtunza mpiga muziki kama alivyo? Swali hili linatuhusu hata sisi wa Bonde la Kilombero.

Mwaka 1904, huko Ujerumani, Edwin Welte na Karl Bockisch walibuni piano inayojipiga yenyewe. Mpigaji mashuhuri aliketi akapiga, na kila alichopiga kikawekewa alama kwenye karatasi, kisha karatasi ikatobolewa matundu. Ikizungushwa ndani ya piano, hewa hupita katika matundu hayo na kuviendesha vibonyezo. Edvard Grieg wa Norway alipiga mwaka 1906, akafariki mwaka 1907. Karatasi yake bado yaweza kuiimbisha piano, bila mkwaruzo wa santuri.

Hata hivyo, uaminifu wake una mpaka. Mwendo wa vidole umetunzwa vizuri, lakini nguvu yake sivyo. Vibonyezo viligawanywa mafungu mawili, na kila fungu lilikuwa na nguvu moja tu kwa wakati mmoja. Vidole vya binadamu haviko hivyo. Tena fundi aliweza kuziba tundu la noti iliyokosewa, kosa likapotea.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi. Santuri ilinasa sauti yenyewe, na pumzi yake, na lafudhi yake, mambo ambayo karatasi yenye matundu haiwezi. Lakini upande mmoja wa santuri ulikwisha kwa dakika tatu hivi. Taarabu ya usiku mzima, pamoja na watu waliomtunza mwimbaji na kumwitikia, ilibaki nje.

Basi kila chombo huchukua fungu lake na kuacha fungu. Katika kazi yangu ya redio niliwahi kupokea mkanda wa ngoma za bonde hili. Sauti ilikuwa safi kabisa, ila hapakuwa na jina la mwimbaji, wala kijiji, wala mwaka. Ilikuwa ngoma ya harusi au ya msiba? Hakuna aliyeweza kuniambia.

Leo vijana wetu wa Ifakara wana simu zinazorekodi. Mkimrekodi bibi akiimba Kipogoro au Kindamba, mwacheni amalize wimbo wake. Kisha muulizeni jina lake, alikojifunza wimbo huo, na huimbwa lini. Yaandikeni majibu siku hiyohiyo, angali hai wa kuwasahihisha.