Kirai kihusishi kama kivumishi katika Kiingereza

Kirai kihusishi ni fungu la maneno linaloanza na kihusishi, kama vile "of", "in", "on", "with" au "from", na kumalizia kwa nomino au kiwakilishi. Katika sarufi ya Kiingereza kirai hicho kinaweza kufanya kazi ya kivumishi, yaani kueleza zaidi nomino na kujibu swali "ipi?" au "ya namna gani?".

Mahali pake

Kivumishi cha neno moja kwa kawaida hutangulia nomino: "a red book". Kirai kihusishi huifuata: "the book on the table", yaani kitabu kilicho mezani.

Tofauti na kielezi

Kirai kilekile kinaweza kuwa kielezi. Linganisha:

* "The book on the table is mine." (kivumishi)
* "She put the book on the table." (kielezi)

Ili kutambua, weka kiwakilishi "it". Katika sentensi ya kwanza "it" huchukua nafasi ya nomino pamoja na kirai chake: "It is mine." Katika ya pili kirai hubaki: "She put it on the table."

Upatanisho wa kitenzi

Kitenzi hufuata nomino kuu, si nomino iliyo ndani ya kirai. Husemwa "The box of mangoes is heavy", kwa sababu kilicho kizito ni sanduku. Wanafunzi wengi huandika "are" wakivutwa na neno "mangoes" lililo karibu na kitenzi.

Utata wa maana

Vihusishi vya Kiingereza havibadiliki kulingana na nomino. Kwa hiyo "the door of the house with red paint" ina maana mbili: chenye rangi nyekundu huenda ni mlango au ni nyumba. Katika Kiswahili ngeli huondoa utata huo: "mlango wa nyumba wenye rangi nyekundu" si sawa na "mlango wa nyumba yenye rangi nyekundu".

Kwa kukosa msaada huo, mwandishi wa Kiingereza hutegemea mpangilio wa maneno. Kirai huwekwa karibu na nomino yake, au sentensi huundwa upya: "the red door of the house".