Utani na Wajibu: Mazungumzo ya Mashabiki wa Soka Tabora, kutoka Redio hadi Mitandao ya Kijamii

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, lakini utani unaozipa klabu hizi jina la "watani wa jadi" una umri mkubwa zaidi. Katika karne ya 19, misafara iliyopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliwakutanisha wapagazi wa Kinyamwezi na watu wa pwani, wakiwamo Wazaramo. Uhusiano wa utani uliokua kati yao ulikuwa na pande mbili: mtani aliruhusiwa kumkejeli mwenzake hadharani, na papo hapo aliwajibika kumsaidia akiwa na shida na kushiriki mazishi yake. Insha hii inadai kwamba mitandao ya kijamii imeukuza upande wa kwanza na kuudhoofisha wa pili.

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, redio moja ilitosha kukusanya majirani. Ubishi ulihamia kijiweni baada ya kipenga cha mwisho, na magazeti yaliyofika kwa treni yaliuchochea upya. Aliyekejeli alijulikana kwa jina na ukoo. Kesho yake angekutana na aliyemkejeli sokoni au msibani. Kufahamiana huko kuliuwekea utani mipaka.

Simu ya mkononi imeondoa mipaka hiyo kwa namna tatu. Ubishi huanza mchezo ukiendelea; msemaji huweza kuwa mgeni asiyejulikana; na neno lililotamkwa halisahauliki, kwani huhifadhiwa na kurejeshwa timu ya msemaji ikifungwa. Novemba 7, 2024, Tabora United iliifunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Tabora anayeishabikia Yanga, matokeo hayo yaligonganisha mji na klabu. Kijiweni, mgongano huo ni mzaha wa majirani. Mtandaoni, humweka mbele ya umati usiomjua.

Kimila, mtani hakushtaki. Leo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu unyanyasaji wa mtandaoni kuwa jinai: dola inasimama pale ilipokuwa mila. Hata hivyo, teknolojia peke yake haielezi mabadiliko haya. Katika kundi la WhatsApp la wanachama wa tawi moja, kejeli za jioni na michango ya rambirambi hupita katika simu ileile. Kinachoamua hatima ya utani, basi, ni iwapo watani wanafahamiana.