Mwanzi wa Kioo Uliopima Siki

Kabla ya wakemia kuingia katika shauri la siki, hakimu alikuwa ulimi. Mama aliyezoea kutengeneza achari huchovya ncha ya kidole katika siki ya tembo la mnazi, hulamba, hukunja uso, na kwa kadiri ya mkunjo ule hujua kama siki ni kali au imepooza; na aghlabu hakosei. Lakini hukumu ya ulimi, hata ikiwa ya haki, haiandikiki katika daftari la mtoza ushuru, na huko Uingereza ushuru ndio uliozaa asitomita, yaani kipimo cha ukali wa siki.

Serikali ya nchi hiyo ilipotaka siki itozwe kwa kadiri ya ukali wake, haidromita, kile chombo cha kioo kieleacho katika maji na kudhihirisha uzito wa maji hayo, haikufaa. Asidi huiongezea siki uzito kidogo mno, ilhali masalio ya kimea na sukari huiongezea uzito usio ukali hata chembe, hivyo siki mbovu iliyojaa takataka ingeweza kuonekana bora kuliko siki safi. Waingereza wawili, John na Philip Taylor, wakatumia hila ambayo mimi naistahi: siki ilishibishwa kwanza kwa chokaa iliyozimwa, hata uchachu wake wote ukageuka chumvi yenye uzito wa dhahiri, ndipo haidromita ikatiwa. Sheria ya 1818 iliikubali njia hiyo. Na ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1844.

Chombo kilichopendeza zaidi kilikuwa cha Friedrich Julius Otto, mkemia wa Braunschweig katika Ujerumani, aliyefariki mwaka 1870. Kilikuwa mwanzi wa kioo uliozibwa upande wa chini, urefu wake kiasi cha sentimita 36 na upana wake sentimita moja na nusu, na ubavuni umechorwa mistari. Mpimaji alitia maji ya litmasi ya buluu hadi mstari wa kwanza. Akajaza siki hadi wa pili, na palepale buluu ikageuka nyekundu. Kisha alitia maji ya amonia tone baada ya tone, akiziba mdomo wa mwanzi kwa kidole gumba na kuupindua kwa upole, hata wekundu ulipotoweka na buluu ikarejea. Hapo alisoma ni mstari gani maji yaliufikia, na nambari ya mstari huo ndiyo asilimia ya asidi, pasipo hesabu yoyote. Siki nyeusi ya kimea ilileta taabu, maana rangi yake iliifunika litmasi. Ikabidi mpimaji achovye kijiti humo na kukigusisha karatasi ya litmasi kila baada ya matone machache.

Litmasi hiyo, ambayo wengi huidhania kuwa dawa ya kiwandani, hutoka katika kuvu za miambani na za magome ya miti za jamaa ya Roccella. Jamaa hiyohiyo wazee wa pwani yetu waliijua kwa jina la marere, na katika karne ya 19 marere ilipakiwa Unguja ikapelekwa Ulaya kutiwa katika rangi za nguo.

Ila ya chombo cha Otto haikuwa katika kioo bali katika chupa ya amonia. Maji yale yalitakiwa yawe na amonia asilimia 1.369, si zaidi wala si pungufu. Na amonia ni hewa itafutayo njia ya kutoka. Kizibo kikilegea siku chache, maji hupungua nguvu, mpimaji hulazimika kuongeza matone ili kuizima asidi ileile, na siki husomeka kuwa kali kuliko ilivyo. Mwuzaji hakuwa na sababu ya kulalamika. Baadaye maabara zilichukua soda kali, isiyoruka hewani kama amonia, na bureti, yaani mwanzi wa kioo wenye mistari na bomba la kudondoshea chini, ambayo mkemia Friedrich Mohr aliieneza kwa kitabu chake cha 1855. Bureti hupima siki asubuhi na magadi adhuhuri, na mwanzi wa Otto, uliojua siki peke yake, ukakosa mahali pa kuwekwa mezani.